Mlango wa dola 260, mkono wa dola 30

Mwaka 2025 serkali ilipandisha SMIG, yaani ule mshahara wa chini kabisa ambao sheria inakubali, kutoka franka 7 075 kwa siku mpaka franka 14 500. Ile 7 075 ilikuwa imesimama pale pale tangu 2018. Sisi watu wa sendika huku Kolwezi tulikutana siku ya tano jioni, tukasema mingi, tukapiga makofi, na tukakubaliana kama bado haitoshi. Mimi mwenyewe nilisimama mbele ya wenzangu nikasema kama mfanyakazi anayekubali kuuza jasho lake kwa bei ya kutupa anaharibu soko ya jirani yake pia. Walinisifu sana.

Siku iliyofuata ilikuwa siku ya posho. Fundi mmoja, kijana wa kusudea vyuma, alikuja ku lupango langu kupima nafasi ya mlango wa mbele. Mlango wenyewe nilikuwa nimeshaununua: mlango wa chuma wa kutoka China, ule watu wanauita blinde, rangi kama ya mbao, serire ya kufunga ku pande tatu, dola 260. Mu magazini sikubishana hata kidogo. Bei ilikuwa imeandikwa ku karatasi, karatasi imebandikwa ku mlango, nikatoa pesa niliyochunga kwa miezi mitano, nikalipa, nikasema na aksanti. Fundi akapima, akagonga ukuta na nyundo, akasikiliza sauti yake, akasema: "Yaya, mendevre ni dola 70."

Mendevre, kwa wale ambao Kifaransa kinawapita, ni bei ya mkono: pesa ya kazi yenyewe, mbali na chuma, mbali na simenti. Nilicheka. Nikamuambia: "Dola 70 ya kusimamisha kintu yenye imeisha kutengenezwa? Unafikiri mi ni dirketere?" Nikataja 25. Tulibishana karibu nusu saa. Akashuka 50, akashuka 40, akaangalia chini, akakubali 30. Mbele ya saa nane ya mchana mlango ulikuwa umesimama. Bibi yangu alifunga, akafungua, akafunga tena. Majirani walikuja kuutazama. Na mimi, kusema kweli, nilikuwa na furaha zaidi juu ya zile dola 40 nilizomtoa fundi kuliko juu ya mlango. Haikuniingia mu kichwa kama niliyosema mbele ya wenzangu siku ya tano nilikuwa nimeshayasahau siku ya posho.

Mtu wa mbali anaweza kuuliza: mlango ni nini mpaka uandikiwe mu gazeti? Aje alale Kolwezi. Huku mfanyakazi anajenga kidogo kidogo, mwezi huu matofali, mwezi ule mabati. Nimeona familia zimehamia mu nyumba isiyo na plafo, isiyo na simenti chini, madirisha yamezibwa na matofali kwa sababu pesa ya vioo haikupatikana. Lakini mlango wa mbele uko. Ni juu ya usiku. Wezi wanaoingia mu kartye zetu usiku hawakuji na mikono mitupu, mtu wa Manika anajua, mtu wa Dilala anajua. Na sisi wa mine tunafanya kazi kwa posti. Wiki ya usiku, basi inakuja kutubeba jioni, inaturudisha asubuhi, na mu saa zile zote watoto wetu na mama yao wanachungwa na mlango, basi. Wakubwa wako na zamu wawili ku poruta na imbwa ndani. Sisi tuko na pomeli tatu na serire moja.

(Kasulo walijua namna nyingine ya mlango. Mwaka 2014, wakati watu walivumbua kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, kuna wenye kuchimba ndani, chini ya paa. Mlango wa mbele ukageuka mlango wa mine. Lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.)

Hata miezi miwili haikupita. Ilikuwa wiki yangu ya usiku. Saa tisa ya usiku shefu wa ekipe alikuja kunitafuta: "Ku nyumba yako wanakulomba ku telefone." Bibi yangu alikuwa anasema kidogo kidogo sana, kama mtu aliyefunika mdomo. Nyuma ya sauti yake nilisikia majirani wanapiga sufuria na filimbi. Sikuwa na namna ya kutoka. Basi ni ya saa kumi na mbili. Nilingoja saa tatu kamili nikiwa nimesimama.

Asubuhi nikaona. Mlango wa dola 260 ulikuwa umelala chini mu salo, mzima, na serire yake bado imefungwa ku pande zote tatu. Hawakugusa serire. Waliingiza baramini, ile fimbo nzito ya chuma ya wachimbaji, kati ya kadre na ukuta, wakasukuma, na kadre ikatoka pamoja na mlango wake kama jino la mtoto. Walibeba televizyo, telefone moja, reshu, na pesa ya minerval. Watoto walikuwa chini ya kitanda mu chumba cha nyuma na mama yao, hawakuwagusa, namshukuru Mungu. Lakini wa mwisho, wa miaka sita, mpaka leo hakubali kulala kama niko posti ya usiku. Anakaa na kuangalia mlango.

Nilienda kwa fundi na hasira ya kutaka kupiga mtu. Anafanyia kazi kando ya barabara, chini ya bashi, na posto ya kusudea na jenereta ndogo. Nilipiga kelele. Watu wakasimama kuangalia. Alizima jenereta, akaniacha nimalize, kisha akasema: "Yaya, nilikuambia miguu sita. Ulisema ine inatosha. Nilikuambia tungoje simenti ikauke siku tatu mbele ya kutundika mulango. Ulisema bibi anataka kufunga nyumba leo. Ile pesa ulinipa ilikuwa ya nusu siku. Nikafanya paka ya nusu siku."

Nilitafuta jibu, sikulipata. Alikuwa ameniambia hayo yote. Nilikuwa nimeyasikia kama maneno ya mtu anayetafuta kuongeza bei.

Sasa sitaki kumtakasa fundi kupita kipimo. Mtu anayejua kama kadre haitashika anapaswa kukataa kazi, au aandike ku karatasi: nimefanya hivi kwa sababu mwenye nyumba alikataa vile. Kunyamaza kwake kuliweka watoto wangu mu hatari, na nilimwambia hivyo. Akajibu kama siku ile alikuwa na mtoto ku hopitali, na dola 30 ilikuwa dola 30. Ni jibu ambalo nimelisikia mara mingi kwa wafanyakazi waliotia sahihi ku kontra mbaya, na hakuna siku niliwahi kuwalaumu wao.

Tulikaa. Nilimlomba anielezee kazi ya kusimamisha mlango tangu mwanzo, na nilijifunza mambo ambayo mtu wa miaka makumi ine na kitu, mwenye kujenga nyumba, alipaswa kuyajua zamani. Nguvu ya mlango haiko ku serire. Iko ku kadre, yaani ile fremu ya chuma inayouzunguka, na nguvu ya kadre iko ku miguu: vipande vya chuma vinavyosudewa ku kadre na kuingia mu ukuta. Kila upande unataka mitatu, na kila mguu unataka shimo lake mu matofali, la kina, lijazwe mortari ya simenti nzito. Kama ukuta ni matofali ya kuchoma, ni kazi ya nyundo na burin ya asubuhi nzima. Kama ni adobe, matofali ya udongo mbichi, lazima kwanza uvunje kando ya mlango na ujenge nguzo ya simenti, kwa sababu udongo hauwezi kushika chuma. Tena kadre ya milango hii ya kununua ni tupu ndani, ukisukuma inakunjika. Inapaswa kujazwa mortari pia. Kisha unapima na nivo na kamba ya plombe, unaweka mbao za kukaza, unaenda. Unarudi siku ya tatu au ya ine, unatoa mbao, unatundika mlango, unarekebisha pomeli, unatoboa mahali pa ndimi za serire. Halafu unafunga na kufungua mara makumi tano.

Na hapa Kolwezi kuna jambo lingine ambalo fundi wa muji mwingine halifikiri. Nyumba zetu ziko karibu na mashimo. Wakipiga mine, wale wanaoishi kando ya karyere wanajua, vikombe vinalia mu kabati na ukuta unapasuka. Kadre iliyoshikwa na mortari kidogo inaanza kulegea bila mtu kuigusa. Fundi alinionyesha ku nyumba moja ya jirani: kati ya kadre na ukuta kidole kinapita. Mwenye nyumba alikuwa ameziba na rangi.

Basi tulichukua kaye ya mtoto wake tukaanza kuhesabu. Mimi ni delege, kuhesabu siku za kazi ni kitu ninachojua. Swali la kwanza lilikuwa: siku moja ya fundi ni ya bei gani? Yeye hakujua. Anasema bei kulingana na sura ya mteja, kama wote. Nikakumbuka ripoti ambayo RAID, shirika la Uingereza, na CAJJ, wanasheria wa hapa petu Kolwezi, walitoa mu Novemba 2021 juu ya wafanyakazi wa mine kubwa. Waliweka hesabu ya mshahara wa kuishi, ule unaotosha familia ya Kolwezi kwa chakula, nyumba, masomo na dawa: dola 402 kwa mwezi. Sisi wa sendika tunaitumia kila mara mbele ya wakubwa. Ugawe kwa siku 26 za kazi, inakuja dola 15 na nusu kwa siku. Tangu 2021 bei za soko hazikushuka, lakini tuiache hivyo.

Fundi, siku mbili za kazi: dola 31. Nusu siku ya kurudi na kutundika: karibu 8. Msaidizi wake siku mbili, tukamhesabia SMIG tupu, 14 500, wakati ule karibu dola tano: dola 10, na nilipata haya kuiandika. Bageti za kusudea, diski ya melezi ya kukata, esansi ya jenereta kwa sababu umeme unaenda wakati unapenda: 12. Moto ya kubeba posto na jenereta, kwenda na kurudi: 6. Tukajumlisha: dola 67.

Yeye alikuwa ameniomba 70. Zile tatu zilizobaki ndizo za nyundo inayovunjika, ya nafasi kando ya barabara anayolipia, ya mtu anayepita na kikaratasi cha taksi kila wiki, na ya macho yake, kwa sababu macho ya msudeaji yanakwisha.

Kisha tulihesabu zile 30 zangu. Ondoa bageti, diski, esansi na moto: zinabaki 12. Alimpa msaidizi 4. Alirudi nyumbani na dola 8. Wala hakurudi siku ya tatu, maana pesa ya moto ya kurudi haikuwamo. Ukichunguza vizuri, kazi niliyopata ilikuwa sawasawa na pesa niliyotoa. Miguu ine, mortari kidogo, kadre tupu, nusu siku.

Niliwaza sana sababu gani sikubishana mu magazini na nilibishana na yeye. Sababu moja ni ya kawaida: magazini ina karatasi ya bei, ina mlango wa vioo, ina zamu, fundi ana uso tu, na uso unaweza kuusukuma. Lakini nafikiri huku kwetu kuna sababu nyingine, na inatoka ku kambi. Mimi nilizaliwa ku kambi ya Luilu, baba akiwa Gécamines. Mlango wetu ukiharibika, mama alikuwa anaenda ku biro ya kambi, na mtu alikuja na sanduku lake la vyombo, akatengeneza, akaenda. Hatukumlipa kitu. Tuliona kama kazi ya mkono ni bure. Haikuwa bure: yule mtu alikuwa na mshahara wa mwezi, posho, hopitali, masomo ya watoto wake, na alifundishwa kazi mu atelye kwa miaka. Bei yake ilikuwa imelipwa mahali ambapo sisi hatukuona. Mwaka 2003, mu ile wanaita départ volontaire, na pesa ya Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines walitolewa. Wengi wa mafundi wale walienda kusimama kando ya barabara na vyombo vyao, na wao njo walifundisha vijana hawa tunaowaona leo. Mshahara, hopitali na posho havikuwafuata. Kilichowafuata ni ile mawazo yetu ya kambi, kama fundi anakuja, anatengeneza, anaenda.

Fundi wangu mwenyewe hakuanza kando ya barabara. Alisudea miaka mitatu mu karyere moja, chini ya su-tretansi, kontra ya miezi tatu tatu, badji ya rangi tofauti na ya wengine. Siku moja kontra haikuandikwa tena, basi. Ile ripoti ya 2021 ilionyesha kama mu mine tano kubwa walizochunguza, zaidi ya nusu ya wafanyakazi walikuwa wanapitia kwa su-tretansi. Tunajua namna inavyofanyika. Kampuni kubwa inatangaza kazi, su-tretansi wanaleta bei, anachukuliwa wa bei ya chini. Huyo wa bei ya chini haezi kupunguza bei ya mafuta wala ya mashini. Anapunguza mahali pamoja tu: ku mshahara, ku viatu, ku helmeti, ku masaa. Sheria ya 8 Februari 2017 juu ya su-tretansi inaangalia sana mtaji ni wa Mukongomani ama wa mgeni. Ni vizuri. Lakini Mukongomani mwenye kampuni anaweza pia kukata mshahara, na mimi, Mukongomani mwenye lupango, nilimkata fundi wangu namna ile ile. Niliangalia bei ya jumla, chuma hakikupungua, simenti haikupungua, nikapunguza mkono. Na kama mu mine, hatari haikuniangukia mimi niliyepunguza. Iliangukia wale waliolala ndani.

Kuna magazini zinazoandika "kusimamisha iko ndani ya bei". Mteja anafurahi, anafikiri ameokoka mabishano. Ulizeni fundi wanayemtuma anapewa ngapi. Mmoja aliniambia kwa mlango mmoja anapata dola 15, na anafunga mitatu kwa siku moja. Mitatu kwa siku! Sasa mnajua hiyo ni miguu mingapi.

Najua watajibu: sisi ni watu wa mshahara mdogo, hizo dola 70 zitatoka wapi? Ni swali la haki, na sina haki ya kulicheka. Jibu langu ni hili: ukiwa na dola 330, usinunue mlango wa 300 ukabakiza 30 ya mkono. Mafundi wetu wenyewe wanatengeneza mlango wa toli nzito na kornyere, hauna rangi ya mbao, hauna maua, jirani hatakuja kuutazama, lakini ukigonga unasikia chuma. Ile blinde ya dola 260, tulipoifungua baada ya wezi, ndani tulikuta katoni iliyokunjwa kunjwa kama nyumba ya nyuki, na bati nyembamba pande mbili. Ningechukua mlango wa fundi na kumlipa yeye yule yule mkono wake kamili, na pesa ingebaki. Mwenye mbao ya mulombwa na seremala mzuri, pia sawa. Kitakachookoa nyumba ni namna mlango umeshikwa.

Watasema tena: mafundi ni waongo, wanakamata avansi na kupotea, wanakuambia bageti kumi wanatumia ine. Ni kweli, wako. Mimi mwenyewe niliisha kupoteza avansi ya madirisha, na yule kijana nikimuona leo anapita mu njia nyingine. Lakini uongo huo unakaa vizuri pale ambapo hakuna karatasi. Tuandike. Karatasi moja ya kaye inatosha: miguu mingapi, kadre ijazwe ama hapana, siku gani ya kutundika, bei ya vitu mbali, bei ya mkono mbali. Kulipa mara tatu: sehemu siku ya kuanza, sehemu kadre ikisimama, na sehemu ya mwisho juma moja baada ya kutundika, mlango ukiwa bado unafunga vizuri. Fundi mwema hatakataa, maana hata yeye anaogopa mteja anayepotea na ile ya mwisho. Hao nao wako, tena wengi wana badji za kampuni kubwa shingoni.

Kwa mafundi nasema: mbona kila mmoja wenu anasimama peke yake? Chini ya miti ya barabara moja muko kumi, na mteja anapita kwa mmoja mmoja mpaka apate mwenye njaa zaidi. Wekeni bei ya mkono pamoja, iandikwe ku ubao: mlango wa mbele, ukuta wa matofali ya kuchoma, bei hii; ukuta wa adobe, bei ile. Anayetaka kujua kazi vizuri, INPP iko hapa Kolwezi, inafundisha kusudea na inatoa karatasi. Na mulipe wasaidizi wenu. Kodi ya kazi ya 2002, mu artikle 40, inasema mtu aliyefanya kazi ya siku kwa siku akafikisha siku 22 mu miezi miwili, ukimchukua tena mbele ya miezi hiyo kwisha, anahesabiwa kama ana kontra isiyo na mwisho. Sheria hii tunaipigia kelele kwa makampuni. Inahusu pia yule mtoto anayebeba posto yenu ku kichwa.

Mimi nilirudi kwa fundi yule yule. Watu walinishangaa. Hatukubishana. Dola 70, karatasi, mara tatu. Alivunja kando ya mlango, akaweka miguu sita, na ku upande wa serire akaongeza wa saba bila kunilomba kitu. Alijaza kadre kwa chupa iliyokatwa, polepole, karibu saa nzima. Mlango ulingoja siku ine umeegemea ukuta, na sisi tulilala nyuma ya mbao na meza, mimi nikiwa nimelomba wenzangu wanibadilishie posti. Sehemu ya tatu nilimlipa siku ya posho iliyofuata. Alikuja na nivo yake, akapima tena, ndipo akapokea.

Nilipeleka jambo hili mu mkutano wa sendika. Nililomba tuite mafundi wa barabara waje kukaa na sisi mara moja kwa mwezi, hata bila kadi. Mwenzangu mmoja, mtu wa zamani, mpiganaji mzuri, alicheka: "Shiye ni sendika ya mine, hatuko sendika ya milango." Wengine wakacheka pamoja naye. Nilimuuliza wa kwake ulisimamishwa na nani, na kwa bei gani ya mkono. Akasema ataangalia akifika nyumbani. Wiki ile alikuwa posti ya usiku.